Kumfuata Ngazi Mlimani

Lori lilimharibikia Breki kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya mji. Alikanyaga klachi, ikazama chini kama mguu ulioingia topeni, na haikurudi. Hakukasirika. Miaka ya nyuma angeshuka, akalipiga gurudumu teke, akamtukana aliyelitengeneza gari na aliyelinunua. Safari hii aliliachia lirudi nyuma taratibu mpaka pembeni, akaweka mawe nyuma ya matairi, akatandaza matawi barabarani kuwaonya wengine, kisha akaketi kwenye bampa na kuwatazama madereva wenzake wakimpita na kumpungia mkono. Alikuwa amechoka mpaka hasira zenyewe zilikuwa zimemwishia.

Tajiri mwenye gari akamwambia kwa simu kwamba klachi mpya ingekuja kwa basi, ila si leo wala kesho. Lori likavutwa hadi kwenye yadi ya gereji moja mjini, mlinzi wa yadi akakabidhiwa ufunguo, na Breki akajikuta na kitu ambacho hakujua akifanyie nini: siku nzima isiyo na barabara.

Mlima ulikuwa umeuinamia mji ule kama mtu anayechungulia sufuria. Breki alikuwa ameupita mara nyingi sana, akiuona kupitia kioo cha pembeni, na hakuwahi kushuka garini kuutazama. Hata sasa hakuutazama. Alitafuta kinyozi, maana ndevu zilikuwa zinamwasha, na kiti cha kinyozi kina nafuu moja: unaruhusiwa kufumba macho.

Kinyozi alikuwa mtu mnene mwenye kusema bila kituo. Alisema habari za maji kukatika, akahamia kwenye mpira, akaingia kwenye ugomvi wa jirani zake wawili na mbuzi wao, na mashine ikimlia mkononi muda wote. Halafu ghafla akanyamaza. Breki akafumbua macho. Kidole cha kinyozi kilikuwa kimesimama nyuma ya sikio lake la kushoto, kwenye kibonde kidogo cha mfupa.

"Mzee, kichwa hiki nimewahi kukinyoa," kinyozi akasema.

"Haiwezekani. Mji huu huwa napita tu."

"Sisemi hapa. Kichwa hiki kiliangukiwa na jeki. Mwenye kichwa alikuwa amelala chini ya gari la msimamizi, anajifanya anafanya kazi." Akakizungusha kiti kwa nguvu, wakatazamana uso kwa uso. "Breki! Wewe si Breki?"

Breki aliutazama ule uso mpana, akaondoa mashavu, akaondoa mvi, akaondoa tumbo, na chini ya vyote akamkuta kijana mwembamba aliyekuwa akiongea hata usingizini. "Redio," akasema.

Mteja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi alisimulia baadaye kwamba hajapata kuona watu wazima wakikumbatiana na kitambaa cha kunyolea katikati yao, mmoja kanyolewa upande, mwingine kashika mashine inayonguruma.

Walikuwa watatu enzi zile, wanagenzi wa ufundi mitambo katika karakana moja kubwa, wakilala chumba kimoja na godoro moja. Jina la Breki alilipata siku alipofunga breki za gari la msimamizi vibaya, gari likateremka peke yake na kuingia jikoni kwa wapishi. Redio alijifunzia kunyoa kwenye vichwa vya wenzake, na vichwa viliteseka. Wa tatu alikuwa Ngazi, mrefu hata taa za karakana alizibadilisha bila kupanda juu ya kitu.

"Ngazi yuko wapi siku hizi?" Breki aliuliza.

Redio akanyoosha mashine kuelekea dirishani, juu, kule kileleni, ambako ukungu ulikuwa umefunika kila kitu isipokuwa ncha ya mnara wa simu. "Kule. Anaulinda mnara na kuendesha jenereta. Tangu mkewe afariki ameng'ang'ania huko, hataki kupokewa zamu. Mji mzima unaongea kwa simu kwa sababu yake, na simu yake mwenyewe huwa imezimwa."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

Redio akashughulika na wembe. "Ah, siku nyingi. Mwanzo wa mwaka. Au mwaka jana. Hashuki, Breki, wanampelekea chakula."

"Na wewe hupandi?"

"Duka nani ataliangalia?" Kisha akasikia mwenyewe alivyosema, akashusha mkono. "Una siku ngapi?"

Wakaondoka kesho yake, jua halijachomoza vizuri. Mke wa Redio aliwafungia mayai ya kuchemsha, mkate na majani ya chai, akamtazama mumewe alivyohangaika kufunga kamba za viatu juu ya tumbo, akasema, "Shemeji, ukiona ameanguka usimbebe. Mviringishe tu, atafika mwenyewe."

Njia ilianza kwa upole kati ya mashamba ya viazi, ikawadanganya. Ilipoingia msituni ikasimama wima. Magoti ya Breki yalijua kazi moja tu, kukanyaga na kuachia, na sasa yaliombwa kuubeba mwili mzima juu ya mizizi na matope. Mgongo wake ulikuwa umechukua umbo la kiti cha lori. Kila hatua ulilalamika kama mlango wa zamani. Redio kifua chake hakikuwa kizuri, lakini hakukubali kusema hivyo. Kila alipoishiwa pumzi alikumbuka kisa. Alisimama, akaweka mkono kiunoni na kusema, "Hebu subiri, hii lazima uisikie," na hadithi ilikwenda mpaka mapafu yake yalipopata nafuu. Breki alisikia visa vingi siku ile, na akavishukuru vyote.

Walipotoka msituni, kwenye nyasi fupi na upepo, Redio aliuliza, "Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo wote." Breki akaketi juu ya jiwe bila kuambiwa. Kule chini paa za mji zilimeta kama vifuniko vya soda vilivyomwagwa. "Redio, mara ya mwisho nimefika nyumbani, wamehamisha kabati. Nikaamka usiku kutafuta maji, nikajigonga mguu. Mke wangu akawasha taa, akaniambia pole. Pole ile ya heshima, unayompa mgeni. Asubuhi akaniuliza naweka sukari vijiko vingapi."

Redio akaketi kando yake.

"Halafu akaniuliza nakaa mpaka lini. Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua anunue nyama kiasi gani."

"Kwa hiyo ukamwambiaje?"

"Nilimwambia vijiko viwili." Akasugua magoti. "Twende. Nikiendelea kukaa hapa utanikuta nimeota mizizi."

Saa za mwisho hawakuongea kabisa, hata Redio. Ukungu uliteremka ukawalowanisha, mawe yakawa yanateleza, na Breki alitembea akitazama visigino vya mwenzake tu, akivifuata kama anavyofuata taa za gari la mbele kwenye mvua. Mara kadhaa alijiambia kwamba jiwe linalofuata ndilo atakaloketi na kukataa. Jiwe likaja, likapita. Hakuwa na nguvu hata za kukataa.

Kwanza walisikia jenereta likiguna mahali fulani juu yao. Halafu sauti kali ikatoka ukunguni: "Simameni hapohapo! Nyaya hamzipati leo, wezi nyie!"

"Nyaya gani, we bwege!" Redio akafoka, akikohoa. "Ni sisi!"

"Sisi akina nani?"

"Redio! Na nimekuletea Breki!"

Kisha mtu mrefu sana akajitokeza ameshika rungu, koti limemfika mapajani na mikono imepita mikono ya koti. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, hazijaguswa. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, rungu bado liko juu.

"Mmekuja kufanya nini?" akauliza.

Hakuwa na maana mbaya. Breki aliliona hilo mara moja. Mtu yule alikuwa ametafuta neno la kuwakaribishia wageni na kukuta limepata kutu. Alishusha rungu, akalitegemeza kwenye uzio, akalirekebisha lisianguke, na ndipo akaja akawashika wote wawili mabegani, mkono mmoja kwa kila mtu, akawashikilia muda mrefu.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichopigwa mbao ndani. Kulikuwa na kitanda, jiko, mapipa ya dizeli nje ya mlango, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa kama walivyofundishwa ujanani, na kikombe kimoja. Chai ikazunguka kwa zamu. Redio ndiye aliyeongea, akawazika waliokufa na kuwaoza waliooa, mpaka habari zikamwishia. Ngazi alisikiliza huku akimenya yai polepole sana.

"Wanafunga mitambo ya jua," akasema mwishowe. "Na mashine ya kuangalia mnara kutoka mjini. Mtu hahitajiki tena. Mwisho wa mwezi natakiwa niwe nimeshuka."

"Na hukuniambia?" Redio akauliza.

"Ungefanyaje?"

"Ningejua, basi! Utakwenda wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

Ngazi akafikiri. "Chini ni pakubwa," akasema, akamgeukia Breki, akamwangalia usoni kama anavyoangalia mtambo. "Wewe umechoka."

"Mlima wenu huu si mchezo."

"Sisemi mlima."

Breki alitaka kucheka, akashindwa. Mke alikuwa akimwuliza lini anarudi, tajiri alimwuliza amefika wapi, watu wa mizani walimwuliza amebeba nini. Hakuna aliyewahi kumwambia neno lile wazi namna ile, na sasa lilipotamkwa lilimkaa kifuani, kubwa na la kweli, hata akaogopa akifungua mdomo atalia mbele ya wenzake juu ya mayai. Akainamisha kichwa. Ngazi akainuka, akatandika kitanda, akamvua viatu yeye mwenyewe.

Breki alipoamka kesho yake, jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Alilala akitazama vumbi likielea kwenye mwanga, akijaribu kujua ni nini kilichobadilika. Kulikuwa kimya. Jenereta halikuwa likiguna. Halafu akasikia sauti nje.

"Nimekwambia hiyo inakwenda chini!"

"Wewe umeacha ufundi zamani, nyoa nywele!"

Akatoka pekupeku. Mawingu yalikuwa yametandazwa chini yao kama pamba, na anga juu lilikuwa tupu na la buluu. Redio na Ngazi walikuwa wamepiga magoti mbele ya injini iliyofunguliwa, mikono myeusi hadi viwikoni. Vipande vilikuwa vimepangwa juu ya gunia.

"Mbona hamkuniamsha?" Breki akauliza, na akajisikia ameumia kidogo. Katika wote watatu, injini zilikuwa zake. "Mtambo umezimika na mimi niko ndani nimelala kama gogo?"

"Tulikuamsha," Redio akasema. "Ukatutukana."

"Mimi?"

"Ulisema, 'Nasogeza, nasogeza!' halafu ukatutukania mama zetu. Ngazi akasema tukuache."

Ngazi aliinua mabega. "Ulikuwa unalala vizuri."

Breki akasimama pale, miguu kwenye jiwe lililopata joto la jua. Tangu ujana wake kila usingizi aliolala uliishia kwa kofi kwenye mlango wa lori: sogeza gari, ondoa gari, foleni imetembea. Watu hawa wawili walikuwa wamehangaika asubuhi nzima, mji mzima chini hauna simu, wakubwa wa Ngazi pengine wanatukana, na walimwacha alale. Alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Haya, sogeeni," akasema, akachuchumaa.

Walimweleza. Injini ilianza kukohoa alfajiri, ikazima. Wakabadilisha chujio la dizeli, ikakataa kuwaka. Wakafungua pampu. Breki alipitisha kidole kwenye bomba, akanusa, akachungulia, akaviangalia vipande vya kwenye gunia. Wosha moja, pete ya shaba ya kuzibia, ilikuwa imebaki pale, ndogo kama sarafu.

"Hii inakaa wapi?"

Redio na Ngazi wakatazamana. "Wewe ndiye uliyefunga chujio," Ngazi akasema.

"Wewe ndiye uliyenipa vifaa!"

"Mmeilisha hewa badala ya dizeli," Breki akasema. "Pampu mmeifungua bure. Nipeni spana ndogo."

Wakafanya kazi bila haraka. Mikono ilikumbuka. Ngazi alijua anyooshe spana ipi kabla haijaombwa, na Redio alishika taa ya tochi mchana kweupe, kama zamani, apate sababu ya kusimama karibu na kuongea. Ilikuwa rahisi kusema mambo wakati macho yote yako kwenye injini.

"Redio kaniambia una binti," Breki akasema, akikaza nati.

"Ninaye. Ameolewa. Anakaa kule jiji kubwa, barabara yako hiyohiyo."

"Ana mtoto?"

"Wa kiume. Anatembea sasa, nasikia."

"Hujamwona?"

Ngazi akapangusa spana. "Mke wangu alikuwa ndiye anayejua kukaa na watu. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye tu. Alipofariki sikujua naingia kwenye nyumba ya mtu nasema nini. Huku juu huhitaji kusema."

"Utasema 'hodi'," Redio akasema. "Inatosha kuanzia."

"Nikirudi kutoka bandarini napita hapa," Breki akasema. "Kiti cha pili kwenye lori ni kitupu. Nitakupeleka mpaka mlangoni."

Ngazi akageukia injini. Alizungusha mkono wa kuwashia, injini ikapiga chafya mara mbili, ikatoa moshi mweusi, ikaanza kuguna. Mara hiyohiyo simu ya Redio ikalia mfukoni. Alikuwa mkewe, akitaka kujua kama yuko hai, maana wateja wamekaa dukani wanamwuliza yeye.

Kabla ya kuondoka, Redio alimkalisha Ngazi juu ya pipa la dizeli na kumnyoa ndevu kwa wembe na maji ya moto. Uso uliotokea chini yake ulikuwa mwembamba na wenye haya. Ngazi akawasindikiza mpaka msitu unapoanzia, akasema kwamba zamu haimruhusu kwenda mbali zaidi, akageuka. Walimwona akipanda kwa hatua ndefu bila kuhema, mpaka ukungu ukamfuta.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Magoti ya Breki yalitetemeka mpaka akashuka sehemu nyingine kwa makalio, na Redio nyuma yake akacheka hadi naye akateleza. Klachi ilikuwa imefika. Wakaifunga siku iliyofuata. Redio alikuja yadini amevaa koti lake la kinyozi akashika tochi, na Breki akaondoka na miguu inayouma hivi kwamba kila akikanyaga klachi mpya aliuma meno.

Usingizi wa siku moja haukufuta miaka yote ile. Alifika bandarini amechoka, akapakua amechoka, akasubiri makaratasi siku zisizo na maana. Alimpigia tajiri akaomba mapumziko. Tajiri akasema baada ya mzigo huu. Akampigia mkewe. Hakuwa na la kumwambia, akamwuliza kabati walilihamishia wapi hasa. Mkewe akashangaa, akamweleza. Wakaongea muda mrefu kuhusu kabati.

Aliporudi, mwezi ukiwa umekaribia kwisha, alisimama mbele ya duka la Redio bila uhakika kama Ngazi atakuwa ameshuka. Ngazi alikuwa kwenye benchi la wateja, magoti yamemfika kifuani, mfuko mmoja miguuni.

"Tangu juzi amekaa hapo," Redio akasema. "Anawatisha watu. Wanadhani anasubiri kunipiga."

Ngazi akapanda lori. Njia nzima hakusema mengi. Aliuliza mambo ya injini, akasikiliza namna gia zinavyoingia, akamwambia Breki kwamba kuna beringi moja ya nyuma, upande wa kulia, inaanza kupiga kelele. Walipolikaribia jiji, alitoa shati safi kutoka kwenye mfuko akalivaa, akavifunga vifungo hadi shingoni, akavifungua, akavifunga tena.

"Nikifika nisemeje?" akauliza.

"Redio alishakwambia."

"Baada ya hapo."

"Baada ya hapo sijui," Breki akasema. "Mimi mwenyewe nikifika kwangu sijui."

Lori halikuruhusiwa kuingia mitaani, kwa hiyo binti aliambiwa aje makutanoni. Alikuwa amesimama mbele ya duka la vifaa vya umeme, mrefu kama baba yake, mtoto kiunoni. Ngazi alishuka na mfuko wake. Binti akasogea, akainama kumsalimu, kisha akamlazia kichwa kifuani, na mtoto aliyebanwa katikati akamtazama yule mzee mrefu usoni akaangua kilio kikubwa.

"Ni babu yako huyu," binti akasema, naye akilia. "Ni babu."

Mtoto hakutaka kusikia. Ngazi alinyoosha mikono, mtoto akajirusha nyuma. Akairudisha mikono, hakujua aiweke wapi, akaushika mfuko tena.

"Shikamoo, baba mkubwa!" binti alimwita Breki juu ya kelele za magari. "Shuka upate chai!"

"Marahaba, mwanangu. Safari nyingine!"

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajaa, na honi zilikuwa zikipigwa kwa hasira. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani na kumwuliza kama amenunua barabara. Breki akaweka gia. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona wakianza kutembea, binti mbele, mtoto begani mwake akiendelea kulia huku akimwangalia babu yake, na Ngazi nyuma yao hatua moja, akiinama ili apite chini ya vibao vya maduka. Honi zikalia tena. Breki akasogeza gari.